Mama Viungo Aliyekataa Kuniuzia Shamari

Alhamisi, tarehe saba Novemba. Asubuhi mvua imenyesha kwa fujo, ikakatika ghafla, halafu jua likatoka kana kwamba halikuona kilichotokea. Nilipofunga mlango kwenda kuchukua majibu yangu hospitali, maji yalikuwa bado yanateremka kwenye mawe ya nyuma ya nyumba yetu hapa Pasiansi. Mchana mawingu yamerudi, yakatutisha, hayakufanya lolote.

Majibu nitayafikia. Nataka kwanza niandike habari za yule mama wa duka la viungo, kwa sababu bila yeye nisingekuwa na majibu ya kuchukua. Ningekuwa bado nalamba magadi na kumwomba Mungu. Huwa namwandika kidogo kidogo, mstari leo, mstari mwezi ujao. Leo nimkusanye mahali pamoja. Sijui kama nitamtendea haki, maana mimi ni fundi cherehani niliyeishia darasa la saba, na kuna siku nilimkasirikia sana. Nitajaribu kuandika na hizo siku.

Jina lake nalijua, ila sijawahi kumwita kwa jina, wala sijasikia mteja akifanya hivyo. Wote tunamwita Mama Viungo. Duka lake liko Mirongo, mlango mmoja tu, na ukiingia kutoka juani huoni kitu, unanusa: hiliki, karafuu, mdalasini, na harufu ya magunia makavu. Halafu macho yakizoea unamwona yeye, mrefu, mwembamba, amevaa sweta hata kwenye joto la kutokwa jasho, miwani inaning'inia shingoni kwa kamba ya kiatu. Vidole vya mkono wake wa kulia ni vya manjano kwa ajili ya binzari, na nadhani haitoki tena. Ni Mhindi wa hapa hapa. Akina mama wa Kisukuma wakitokea sokoni anawawahi kwa salamu yao ya asubuhi, "mwangaluka," kabla hawajafika mlangoni.

Na mimi nilikuwa nasumbuliwa na kiungulia, miaka mingi. Si kile cha kula maharage usiku ukasahau kesho yake. Kifua kilikuwa kinawaka, maji machungu yanapanda mpaka kooni, na nikiinama baada ya chakula ndiyo kabisa, wakati kazi yangu ni kuinama. Huo moto ningeweza kuuzoea, watu wanazoea mengi. Nilichokuwa nakiogopa ni cha baba yangu. Baba alianza hivyo hivyo. Kiungulia, magadi, kiungulia, magadi, mpaka chakula kikawa hakipiti, na alipofikishwa hospitali wakasema amechelewa. Kwa hiyo kila kifua changu kilipowaka nilimwona baba akisukuma bakuli la uji kwa mgongo wa mkono. Sikumwambia mtu, hata mume wangu. Nilikwenda tu kununua pilipili manga.

Ndivyo tulivyojuana. Alishika ile pilipili manga kwenye mizani, akaniangalia, akauliza nampikia nani. Nikasema nyumbani. Akauliza kama na mimi nakula. Nikasema ndiyo. Akairudisha kwenye kopo lake.

"Tangu umeingia unameza mate tu, na huli kitu," alisema. "Kinakuchoma hapa?" Akajigusa chini ya mfupa wa kifua, pale pale.

Kama mfanyabiashara, Mama Viungo ni mbovu. Hilo lazima niliandike. Anakataa kuuza. Nimemwona akimkatalia baba mmoja mwenye kitambi aliyetaka pilipili kichaa, tena pesa iko mkononi. Yule baba akasema, "Mama, unauza au unahoji?" Akajibiwa, "Nauza. Ila kwako leo duka limefungwa." Na mteja aliyekuwa nyuma yake akapimiwa pilipili ile ile, palepale, yule baba akitazama. Mtu akilalamika anamwambia aende duka la pili, wao hawaulizi. Wengi wanaondoka wamenuna. Wengi wanarudi, lakini sisemi wote, kuna ambao hawakurudi na siwalaumu.

Mambo yake anasema alijifunza kwa mama yake. Ni tiba ya zamani ya Kihindi, wanaiita Ayurveda. Lakini ukimwita mganga anakasirika, na ukimwita daktari anakasirika zaidi. "Mimi ni muuza viungo mwenye mdomo," anasema. Jinsi nilivyomwelewa, na naweza kuwa nimeelewa nusu, ni kwamba kila tumbo lina moto wake, na moto huo si adui, ndio unaopika chakula. Shida ni pale unapotoka jikoni ukaingia sebuleni. Hapo, anasema, usikimbilie kumwaga maji, uliza kwanza nani anaongeza kuni. Magadi kwake ni hayo maji ya kumwaga. Kuni ni pilipili, ndimu, nyanya nyingi, chumvi nyingi, vitu vilivyochacha, kula usiku halafu ukalala, na hasira.

Mimi alinipa giligilani, zile mbegu, niziloweke usiku kwenye maji, asubuhi nichuje ninywe. Baada ya chakula nitafune shamari, ile mbegu ndogo ya kijani yenye utamu. Nile kabla giza halijaingia. Nilale ubavu wa kushoto. Ndizi, wali, boga, samaki wa kuchemsha, samli kidogo. Kuna mzizi mmoja mtamu anaousifu sana kwa kiungulia, lakini mwenye presha hampi hata akilia, na mimi aliniuliza mambo ya presha mpaka nikaona aibu.

Semi zake nyingine nimezishika. "Tumbo halisahau, linanyamaza tu." "Anayekula amesimama, anamfukuza mgeni aliyemwita mwenyewe." Na hii ndiyo aliyoipenda kuliko zote, kwamba hasira ni pilipili isiyoonekana, kwa hiyo mtu asile akiwa amekasirika.

Sasa ungemwona yeye mwenyewe anavyokula. Saa saba mchana anatoa kachori kwenye karatasi, zimejaa mafuta, na chupa ya pilipili ya kijani aliyoisaga mwenyewe. Anachovya. Na anachovya akiwa anagombana na kijana wa duka la jirani anayefungulia muziki mpaka makopo yanatetemeka. Anapiga ukuta kwa kiatu, anauma kachori, anapiga tena. Siku moja nilimuuliza, kwa heshima, Mama, hizo si ndizo kuni? Akasema moto wake yeye ni wa mkaa, umeshazoea, wangu ndio wa kuni mbichi, unatoa moshi tu. Nilicheka, lakini moyoni sikuridhika na hilo jibu.

Na si kila alichonipa kilinifaa. Alinipa majani ya mnanaa nichemshe, akasema yanapoza. Mimi yalinichoma mara mbili ya kawaida. Nilirudi kumwambia nikiwa na wasiwasi kwamba atanifokea. Hakufoka wala hakujitetea. Alisema tu, "Basi mnanaa si wako," na tangu hapo nimemsikia akiwaonya na wengine. Daktari naye baadaye aliniambia mnanaa unaweza kukifanya kiungulia kibaya. Nimeandika hili kwa sababu wapo watu wazima wengi ninaowaheshimu ambao wangesema mimi ndiye nilichemsha vibaya.

Kitu kilicholeta kicheko nyumbani ni kupiga magoti. Alinifundisha kwamba nikimaliza kula nisiinuke kurukia cherehani, nikae kwanza mgongo wima, nimepiga magoti, nimekalia visigino, kwa muda. Basi mama mkwe wangu akaja kutoka Muleba kututembelea. Sisi Wahaya mwanamke kumpigia mkwewe magoti ni jambo la kawaida, lakini unapiga, unasalimia, unainuka. Mimi namaliza kula, napiga magoti mbele yake, na siinuki. Siku ya kwanza alitazama. Siku ya pili akamnong'oneza mwanaye kwamba kweli alioa. Siku ya tatu alinikuta nimepiga magoti peke yangu jikoni, nimeukabili ukuta, akauliza, "Mama Koku, na huyo ni nani?"

Ilibidi nimweleze. Alihuzunika kidogo, nadhani. Alikuwa ameshawapigia simu watu wa kwao kunisifia.

Na ni kwa huyo huyo mama mkwe ndipo kosa langu kubwa lilipotoka. Nilikuwa nimepata nafuu ya nusu, halafu ikasimama. Nilikuwa nimeacha pilipili, ndimu, na chai ya rangi niliyokuwa nakunywa kutwa. Nikaenda Mirongo kulalamika. Mama Viungo akaanza kunihoji kama polisi. Nyanya? Nimepunguza. Unakula saa ngapi? Kabla ya giza. Chai? Niliacha. Kahawa? Sinywi kahawa, nikasema, na wakati nasema hivyo mkono wangu, bila hata mimi kuutuma, ukaingia kwenye fundo la kanga ukatoa kitu ukakitia mdomoni.

"Unatafuna nini?"

"Kahawa."

"Umesema hunywi."

"Sinywi. Natafuna."

Alinitazama hivi, akavaa miwani, akanitazama tena. Halafu akacheka mpaka akakaa juu ya gunia la mchele. Mimi nilikuwa sielewi kinachochekesha. Kwetu, buni zinachemshwa na majani ya kunukia, zinakaushwa, zinawekwa kwenye kikapu kidogo chenye mfuniko. Mgeni akija, kabla ya neno lolote la maana, kikapu kinafunguliwa, unachukua mbili tatu unatafuna, ndipo mnaongea. Mama mkwe alikuwa amekuja na zake za kutosha, na nyumba ilikuwa na wageni kila siku kwa ajili yake. Kwangu mimi zile hazikuwa kahawa. Ilikuwa salamu. Nani anahesabu salamu kwenye vyakula?

"Haya," alisema alipopata pumzi, "kuni tumeziona."

Nikamwambia hilo siliwezi, kukataa kikapu cha mama mkwe ni kumkataa yeye. Akafuta macho akasema, "Nani amekwambia kupokea ni kutafuna? Pokea. Ushukuru. Ufunge kwenye kanga." Nikafanya hivyo. Baada ya siku chache fundo la kanga likawa kubwa kama yai, na mama mkwe akaliona. Nilingoja aseme neno. Alilibonyeza kwa kidole, akasema, "Aliyepokea amepokea," na hatukulizungumza tena.

Baada ya hapo nafuu ikaja kweli. Sisemi ni shamari. Inawezekana ni kuacha kutafuna, inawezekana ni kula mapema, siwezi kuapa. Lakini nililala vizuri, niliinama kwenye cherehani, nikashona sare za shule za watu bila kushika kifua.

Sasa kuna jambo sijaliandika. Kila nilipokwenda, toka siku ile ya pilipili manga, alikuwa na swali moja la mwisho. Ameshapima, ameshafunga karatasi, anashikilia ile karatasi hakuachii, anauliza: "Kinakwama?" Chakula, maana yake. Kikiteremka, kinakwama? Na kila mara nilisema hakikwami, na ilikuwa kweli, naye anaachia.

Mwezi wa tisa, katikati ya kiangazi, tonge la ugali wa muhogo lilisimama hapa kifuani. Likasimama, halafu likapita. Kesho yake tena. Sikusema kitu nyumbani. Nilikwenda Mirongo nikaomba shamari, nyingi kuliko kawaida. Akapima, akafunga, akashikilia.

"Kinakwama?"

Nilichelewa kujibu. Ni hivyo tu, nilichelewa. Aliivuta karatasi upande wake, akaifungua, akamimina shamari yote kwenye kopo na kukaza mfuniko.

"Sikuuzii."

"Mama, nimetoka Pasiansi na jua hili."

"Na njiani umepita hospitali. Kuchoma ni kwangu, tutaongea mpaka jioni. Kukwama si kwangu. Shamari haioni ndani."

Hapo ndipo nikamwambia habari za baba. Nilikuwa sijawahi kumwambia mtu, na nikazisema zote dukani, kuna mama mwingine pembeni anasubiri mdalasini. Nilidhani atanionea huruma. Alisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema polepole, "Kwa hiyo ulikuwa unajua unachokiogopa. Ukaja kwangu kwa sababu mimi sina kamera."

Niliondoka bila kuaga. Nilimkasirikia mpaka nikasahau mwavuli wangu mlangoni pake. Maneno yale angeweza kuniambia tukiwa wawili. Mpaka leo naona hivyo. Lakini hayakuwa ya uongo, na nilijua hayakuwa ya uongo hata kabla sijafika barabarani, maana baba naye alikuwa na watu wengi wa kumpa magadi na hakuna hata mmoja aliyemnyima.

Hospitali walinihudumia vizuri, sina lawama. Foleni ni foleni. Waliingiza mpira wenye kamera kooni, si jambo la kusimulia wakati wa kula, wakakata kinyama kidogo kwenda kupima, wakaniambia nirudi. Siku za kungoja nilishona vibaya. Nilishona mkono wa kushoto wa gauni kwenye bega la kulia. Hapo ndipo mume wangu, Baba Koku, alipokaa kitako akaniuliza, na nikamwambia.

Leo nimerudi hospitali. Daktari ni kijana mpole, anaongea polepole. Akasema hakuna saratani. Nikamwomba aseme tena, akasema tena, hakukasirika. Kuna vidonda vya tindikali mwisho wa koo la chakula, na njia imebana kidogo kwa sababu ya makovu. Ameniandikia vidonge, ameniambia niinue kitanda upande wa kichwa, na nirudi waangalie kama njia itahitaji kupanuliwa. Nikamweleza habari za shamari na giligilani, nikitegemea anicheke. Akasema kutafuna shamari haoni ubaya, kula mapema na kulalia kushoto hata yeye angeniambia, ila nisithubutu kuacha vidonge kwa ajili ya mbegu. Nikasema nimeelewa. Nimeelewa kweli.

Sikwenda nyumbani. Miguu ilinipeleka Mirongo yenyewe. Mto Mirongo ulikuwa umejaa maji ya tope, watu wanaruka madimbwi, na mimi nilikuwa nakanyaga tu.

Nilipoingia sikumwona kwanza. Macho yalipozoea nikamwona amekaa nyuma ya magunia, kachori nusu mkono mmoja, mkono mwingine uko chini ya mfupa wa kifua, macho ameyafumba. Mwavuli wangu umening'inizwa kwenye msumari juu ya kichwa chake. Nikasema shikamoo Mama. Akashtuka, akafuta mdomo, na marahaba yenyewe hakuitikia.

"Sema."

"Hakuna."

"Hakuna kabisa?"

"Vidonda tu. Vinapona, wamenipa vidonge."

Akavua miwani akaifuta kwa sweta, muda mrefu, miwani ambayo haikuwa na uchafu. Halafu akaanza kunigombeza. Kwa nini natembea kwenye matope na viatu hivyo, kwa nini niliacha mwavuli wiki zote hizi, duka lake si stoo. Nilimwacha agombe. Nilikuwa nautazama ule mkono, maana alikuwa ameurudisha kifuani bila kujua, kama mimi na fundo la kanga.

"Mama," nikasema, "na wewe kinakuchoma?"

"Kila siku."

"Tangu lini?"

"Tangu hujazaliwa wewe."

"Na shamari?"

"Shamari nauza."

Ningecheka siku nyingine. Ila swali la mwisho lilikuwa limeshanifika mdomoni. Yeye ana umri wa baba, kama baba angekuwepo.

"Kinakwama?"

Hakujibu hapo hapo. Muziki wa jirani ulikuwa unapiga, makopo yanatetemeka, na hakuupigia ukuta. Nilihesabu moyoni mambo mabaya yote.

"Hakikwami," alisema. "Mwanangu, hakikwami. Kinachoma kwa sababu ya hii." Akainua ile kachori. "Kingekwama ningekufuata Pasiansi unipeleke. Ungenipeleka?"

"Leo hii hii."

"Basi hakikwami."

Nilimwamini. Mtu anayedanganya anajibu haraka, na mimi siku ile nilichelewa kwa sababu uongo ulinishinda. Nikazunguka meza, jambo ambalo hakuna mteja anayelifanya, nikafungua kopo la shamari, nikampimia kijiko mkononi. Alisema mimi ni mwizi. Akaitia mdomoni akatafuna uso umekunjamana kama mtoto aliyepewa kwinini, na kachori zilizobaki akazifunga kwenye karatasi akanisukumia. "Mpelekee Baba Koku. Lile tumbo lake ni karai."

Nilitoka na kachori, mwavuli, na karatasi ya shamari. Hiyo karatasi, safari hii, aliiachia bila kuuliza.

Jioni tumekula mapema, jua bado liko juu ya ziwa. Baba Koku kala kachori zake akamalizia na senene za kukaanga, wale panzi wa kwetu, ndio msimu wake, na akasema Mama Viungo apewe salamu. Mimi na watoto tumekula ndizi na sato wa kuchemsha, chumvi kidogo, samli kidogo, hakuna ndimu. Kila mtu alijifanya haniangalii. Nilitafuna vizuri, nikameza, nikangoja. Kikapita.